Waya wa Baharini Ulivyopita Kiwanja cha Eliya

Nilisikia kisimani kwamba unakuja waya uliotolewa baharini, na kwamba nyumba ambayo waya huo utapita chini yake, watoto wake watazaliwa viziwi. Jirani yangu Febronia ndiye aliyeileta habari hiyo kutoka mnadani Ilongero.

"Wewe unaogopa nini?" alinicheka. "Uzazi si umeshakukimbia!"

"Mwanangu anaoa, Febronia."

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Eliya ni kitindamimba wangu, na ndiye pekee aliyekuwa amebaki nyumbani. Matofali tulishachoma, yamepangwa kiwanjani mbele ya nyumba yangu, kando ya barabara. Nyuma hapajengeki, ni mbuga, masika maji yanasimama. Wazazi wa binti kule Manyoni walisema hawamtoi mpaka nyumba ionekane. Basi ule uvumi niliukataa kwa mdomo tu. Nikisonga ugali nauwaza, nikichunga mbuzi nauwaza.

Nikaenda kwa shemeji yangu Mughwai. Tangu mume wangu Yeremia afariki, yeye kaka yake mkubwa ndiye anayelisemea boma letu kwenye vikao. Shamba lake na langu yanatazamana, barabara iko katikati.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo?"

Nikamweleza. Hakunicheka, na hilo lilinipa moyo.

"Watu wa waya wanakuja kweli," alisema. "Wanaomba kibali boma kwa boma. Wakifika usiwafungie. Kata uzio pale mbele, waingie wayaone matofali. Wakijua ni kiwanja cha mtoto watahamia kwingine."

Kwetu uzio wa minyaa haukatwi ovyo. Mgeni anapita langoni. Mwenye boma akikata minyaa kwa mkono wake, mbele ya watu, ametoa njia, na njia hiyo haizibwi tena. Nilijua hivyo, ndiyo maana nikauliza.

"Shemeji, nikikata si nitakuwa nimetoa njia?"

"Hayo ni mambo ya njia za ng'ombe, Mama Eliya. Watu wa kampuni watayajulia wapi? Na mimi nitakuwepo. Nani atakuonea mimi nikiwepo?"

Siku walipokuja, Eliya alikuwa Singida mjini kufuata mbao. Walikuja na mwenyekiti wetu wa kijiji, mzee Alute. Mughwai akaniambia, "Haya, wafungulie." Nikachukua panga nikakata. Utomvu ulinirukia usoni, nikawa najifuta jicho kwa khanga huku wanaingia.

Kijana wa kampuni aliitwa Antipasi. Alinisalimia vizuri, nikamuuliza kuhusu uziwi.

"Hapana, mama," alisema. "Ndani ni nyuzi za kioo, zinapitisha mwanga. Meli iliulaza chini ya bahari mpaka pwani yetu. Na kuutoa majini si mchezo! Watu wa meli kibali, watu wa mazingira kibali, wavuvi nao wana lao. Vibali tulivisubiri muda mrefu kuliko meli yenyewe. Sasa unakuja bara, simu zishike vizuri."

Moyo ulitulia. Nilitaka hata kuwakaribisha uji.

"Sasa mama, kibali umetoa kwa hiari yako?"

"Nimewafungulia mwone matofali ya mwanangu."

Mughwai akanijibia. "Minyaa amekata mwenyewe. Mwenyekiti, si umeona?"

Mzee Alute aliangalia chini. "Nimeona. Kwa mila yetu, ametoa njia."

"Vizuri sana," alisema Antipasi. "Maana tulikuwa tumepima upande wa mzee Mughwai, lakini akatuambia shemeji yake yuko tayari zaidi."

Nilimgeukia shemeji yangu. Alikuwa ameokota panga langu, analifuta kwa majani, taratibu, kama mtu aliyemaliza kazi ya shamba.

"Mwanangu anajenga hapo," nilimwambia Antipasi.

"Juu ya waya hakujengwi, mama. Kulima mtama mnaweza."

"Basi sijatoa! Nirudishieni minyaa yangu!"

Mughwai akacheka. "Minyaa inarudishwa? Tangu lini? Au mila imebadilishwa kisimani huko?"

"Wewe ndiye uliyeniambia nikate!"

"Mimi nilisema uwakaribishe wageni."

Antipasi alimtazama mwenyekiti. Mzee Alute akasema njia moja ikizibwa leo, kesho zitazibwa zote. Wakaingia na kamba zao.

Mtaro ulipita katikati ya kiwanja. Mughwai alijenga duka upande wake, pale pale walipokuwa wamepima kwanza, na nikipita ananiita, "Mama Eliya, karibu sukari!"

Eliya amehamia ukweni Manyoni, amepewa kipande cha ardhi na baba mkwe, mwanaume mzima. Nilimsihi asubiri. Akasema, "Mama, uliyewafungulia ni wewe." Akabeba mbao zake akaondoka.

Akina mama wenzangu, wajane hasa, epukeni haya:

Usikate uzio kwa sababu mtu amesema ni kuangalia tu.

Usipokee watu wa vibali wakati watoto wako wakubwa hawapo.

Usiache mtu akujibie swali uliloulizwa wewe, hata akiwa shemeji.

Usikubali kabla hujauliza wamepima wapi kwanza, na kwa nini wamehama.

Usihangaike na uvumi ukasahau kuuliza kibali kinakukataza nini.