Mshenga na Nyumba ya Masista

Jumamosi ile mchana nilishuka ghorofa kumi na moja kwa miguu, kwa sababu lifti ya jengo letu la South Beach ilikuwa imekufa tena, nikaenda dukani kwa Henriette kumpeleleza mwanamume aliyetaka kumwoa Ineza.

Kwetu Burundi, kabla ya kumtoa msichana, watu huenda kuulizia. Hutumwa mtu mwenye macho mazuri mpaka kwenye mlima, yaani kijiji cha akina mposaji. Huko anauliza kama baba mtu anapiga, kama mama mtu ana ulimi, kama kuna mgonjwa anayefichwa chumba cha nyuma. Lakini Juvénal alikuwa Uhispania, katika mji wa Valencia, na mimi huku ugenini nasafisha vyumba vya wanafunzi mtaa wa Glenwood. Sikuwa na mtu wa kumtuma Valencia. Nilikuwa na Henriette tu, Mkongomani wa Bukavu, mwenye duka la simu na kompyuta nne, ambaye tunasali pamoja kila Jumatano.

Ineza ni binti wa kaka yangu Niyongabo. Niyongabo aliuza mabati ya nyumba yake moja moja akanywa, na mvua ilipoanza kunyesha ndani akauza na milango. Alipokufa nilimchukua Ineza akiwa na miaka sita. Mwaka wa posa hii, 2012, alikuwa ametimiza ishirini na minne. Neno la kumtoa lilikuwa langu, na mwenyewe alikwishaniambia: "Masenge, ukisema hapana, sitakwenda." Masenge ndivyo tunavyomwita shangazi. Wajumbe wa Juvénal walikuwa waje kesho yake, Jumapili saa tisa alasiri, kuchukua jibu.

Nilikuwa nimefunga siku tatu, nikimwomba Mungu anionyeshe. Mimi nilitazamia ndoto.

Mshenga wa Juvénal alikuwa mzee Ildephonse wa Pinetown, mzee wa kanisa letu, mtu anayehubiri juu ya pombe mpaka shati linaloa mgongoni. Kwetu mposaji haulizwi mambo yake ana kwa ana. Ni utovu wa adabu. Unamwuliza mshenga, na neno la mshenga ndilo neno la mposaji. Mimi na Juvénal tulikuwa tumezungumza kwa simu mara tatu, na mara zote tulisalimiana, tukaombeana, tukaagana. Mambo ya kazi aliyasema Ildephonse: kijana anapikia wazee katika nyumba ya masista. Akaniletea na picha. Juvénal amesimama mbele ya mlango mkubwa wa mbao, na juu ya mlango pana jina lililoandikwa kwa vigae vya bluu.

Henriette aliiweka picha kando ya kompyuta.

"Mama Epiphanie, sasa nitafute nini?"

"Tafuta hao masista. Nataka kujua kama wanasali au wanapika tu."

"Eish, mama, internet hapana nabii. Lakini jina iko hapa juu ya mlango. Ngoja."

Akaandika jina na neno Valencia. Ulitokea ukurasa wa mwanamke mmoja Mwingereza aliyezunguka mji ule wiki nzima akila na kunywa, na kila alipokula alipiga picha. Kichwa cha ukurasa kilisema ni mahali pazuri kuliko pote pa kulia na kunywea Valencia. Kiingereza changu cha shule ya jioni kilinitosha kusoma majina ya vyakula, na laiti kisingenitosha.

Mahali pa kwanza palikuwa na meza za marumaru na taa kama maua, na juu ya vichwa vya wateja ilining'inia miguu ya nguruwe. Siyo nyama iliyokatwa. Miguu mizima, yenye kwato na kucha, ikidondosha mafuta katika vikombe vidogo vilivyofungwa chini yake, na watu wamevaa hariri wanacheka chini ya mafuta hayo. Mahali pa pili wali ulikuwa mweusi kama lami. Yule mwanamke aliandika kwamba ni wino wa ngisi, na kwamba meno yake yalibaki meusi hadi jioni. Aliandika kwa furaha. Pa tatu palikuwa na wali tena, safari hii na sungura na konokono, konokono pamoja na magamba yao.

"Yesu Maria," akasema Henriette. "Hawa watu wanakula nyumba na mwenye nyumba!"

"Shuka chini," nikamwambia.

"Mama, bado unafunga? Leo utafunga bila shida."

Akashuka. Samaki mkunga, mrefu kama nyoka, amekatwa vipande ndani ya mchuzi mwekundu, ngozi yake inateleza hata pichani. Jagi la maji ya machungwa yaliyochanganywa na pombe za aina tatu, na kinywaji hicho chenye pombe tatu wao wanakiita maji. Glasi inayofuka moshi. Nyingine ina yai bichi juu, limepigwa mpaka likawa povu, na mwanamke ana povu hilo mdomoni. Nasafisha vyumba vya wanafunzi kila Jumatatu, naijua harufu iliyo mwisho wa picha kama zile. Najua iko kwenye zulia na kwenye mto, na nani anapiga magoti kuisugua.

Kisha mlango ukatokea. Mlango ule ule, vigae vile vile.

Masista walikuwepo kweli, mwandishi alieleza, miaka mia mbili iliyopita. Sasa palikuwa na baa. Hawakuvunja kitu. Madirisha ya vioo vya rangi yalikuwepo, na viti virefu vya kusalia vilikuwepo, watu wameviegemea na glasi zao. Mbele kabisa, pale palipokuwa na altari, walikuwa wamejenga kaunta, na ukutani, mahali pa msalaba, zilipangwa chupa ngazi kwa ngazi mpaka juu, zikiwashwa taa kwa nyuma. Chini ya chupa hizo alisimama Juvénal, tai ya kipepeo shingoni, anamimina kitu cha kijani kutoka juu kama mtu anayebatiza.

Nilikimbilia nje. Sikuwa na kitu tumboni, nikatapika maji machungu kwenye mfereji wa barabara, na dereva mmoja wa teksi akanipigia honi.

Henriette alinifuata na kitambaa. "Pole, maman. Sasa nifanye nini na ile picha?"

"Ichape. Kwa rangi."

Sikumwambia Ineza. Niliamini kwamba ametapeliwa kama mimi, na nilitaka aliyetudanganya aseme mwenyewe mbele ya watu.

Jumapili walikuja wanaume wanne wenye makoti, wakihema kwa sababu ya ngazi, na kreti tatu za Fanta mabegani. Kwetu posa haiendi bila bia, lakini sisi waliookoka tunaweka Fanta mahali pake. Ineza alikuwa chumbani na wasichana wa kwaya, mlango umeegeshwa. Ildephonse alikunywa chupa yake, akasimama, akaanza kusifu. Alisifu nyumba yangu, maombi yangu, hata ngazi zangu. Povu la machungwa lilikuwa limebaki kwenye masharubu yake na lilitetemeka kila aliposema Bwana.

"Mama Epiphanie," akamalizia, "kijana wetu anayehudumia wazee katika nyumba ya masista anangoja neno lako."

"Mzee Ildephonse, hao masista ni wa shirika gani?"

"Aa, mama, mashirika ya Ulaya ni mengi."

"Wako wangapi?"

"Idadi sikuuliza."

Niliweka ile picha juu ya kreti, mbele yake. Wenzake watatu waliinama kuiangalia. Yeye aliitazama kama mtu anavyotazama picha yake mwenyewe ya kitambulisho. Hakushtuka hata kidogo. Hapo ndipo nilipojua kwamba alijua tangu mwanzo.

"Nilisema nyumba ya masista," akasema. "Si masista walikuwepo?"

"Lini?"

"Zamani."

"Zamani gani, mzee?"

"Mia mbili hivi."

"Siku mia mbili?"

"Miaka."

Mmoja wa wenzake alicheka, akajifanya anakohoa. Ildephonse akaketi karibu yangu, akashusha sauti ile ya kuombea wagonjwa. "Dada yangu, Ulaya pombe ni kama chai. Tukisema mambo yote, mabinti wetu watazeekea hapa South Beach. Wewe nyamaza, mimi ninyamaze, Mungu atamsafisha kijana polepole." Akanigusa goti. Mkono ulikuwa na unyevu wa chupa.

Nimewahi kuinua matapishi ya mtu nisiyemjua kwa mikono yangu nikamwombea. Lakini mkono ule juu ya goti langu sikuweza kuuvumilia. Huyu ndiye aliyekemea walevi wetu, Niyongabo wa kila nyumba, kutoka mimbarini, mwaka baada ya mwaka, nami nilisema amina.

Nikasimama. "Mtoto wangu siwezi kumtoa kwa kinywa hiki. Chukueni kreti zenu."

Walizichukua. Niliwasikia wakishuka, chupa zikigongana ghorofa baada ya ghorofa.

Ineza alitoka chumbani akiwa bado na vitenge vyake. "Masenge, umekataa?"

"Mwanangu, angalia anachofanya." Nikampa picha.

Hakuiangalia. "Najua. Aliniambia wiki ya kwanza."

"Ulijua?"

"Na alimwomba mzee Ildephonse akuambie. Mzee akasema, niachieni mimi, mama yule ataanguka chini. Mimi ni nani nimsahihishe mzee wa kanisa mbele yako? Nilingoja umwulize Juvénal. Mara tatu mmeongea, masenge. Mara tatu!"

"Mposaji haulizwi."

"Basi mwulize leo ukose adabu," akasema huku analia, "kwa sababu ukisema hapana nitabaki, niliahidi, lakini niseme nimebaki kwa sababu ya Juvénal, si kwa sababu ya mtu mwenye Fanta kwenye masharubu."

Niliingia chumbani kwangu nikapiga magoti, na sikusikia kitu, ila kelele za wasichana wa kwaya wakila sambusa zangu. Nikainuka nikachukua simu.

"Amahoro, mama," akasema Juvénal.

"Amahoro. Unauza pombe?"

"Ndiyo, mama. Nachanganya vinywaji. Nilianza kwa kuosha vyombo, wakaona mkono wangu hautetemeki."

"Pale altarini?"

"Pale pale, mama."

"Na wewe unakunywa?"

"Naonja kwa kijiko nijue kama imekaa sawa. Halafu natema."

"Unatema wapi?"

"Kwenye ndoo."

Nikafumba macho nikaiona ndoo. "Utaacha lini kazi hiyo?"

"Mwaka huu siwezi kukudanganya kwamba nitaacha. Natafuta nyingine, sijaipata."

Nilikaa na simu sikioni. Angeweza kusema anaacha kesho, ningempa. Kaka yangu Niyongabo alikufa bila kukiri hata glasi moja. Alinipumulia usoni, akaapa kwa jina la mama yetu kwamba amekula ndizi zilizoiva sana. Na huyu, bila kulazimishwa, ananiambia mpaka ndoo.

"Tafuta mshenga mwingine," nikasema. "Akija na neno moja la uongo, hata dogo, mlango hautafunguliwa tena."

Jumapili iliyofuata alikuja mtu anayeitwa Nduwimana, fundi viatu wa karibu na mtaa wa Point. Hasali na sisi. Sijui kama anasali popote. Alikuja na wale watatu waliokuja na Ildephonse, na kreti zile zile, ila mwenyewe alikuwa amekwisha kunywa kitu kingine njiani. Harufu ilitangulia kuingia. Wanawake wa maombi walisogeza viti. Henriette alijifunika pua kwa ukingo wa kitenge akaninong'oneza, "Maman, huyu wamemchuja kutoka kwenye chupa."

Nduwimana alisimama katikati ya chumba akashika mgongo wa kiti.

"Mama, mimi sijui kusifu. Nimetumwa kusema. Kijana anauza pombe kwenye baa, na baa ilikuwa kanisa. Anarudi nyumbani alfajiri. Jumapili anakwenda kusali, lakini kwenye mahubiri analala, amesema nisifiche. Hana mke mwingine, hana mtoto. Anaishi na wanaume wawili chumba kimoja, ila ameahidiwa chumba chake mwezi wa tisa." Akafikiri. "Na anakula konokono."

"Anakula?" nikauliza.

"Anakula, mama. Nilimwuliza mara mbili. Anasema na sosi ni watamu."

Chumba kizima kilipiga kelele. Hata wasichana nyuma ya mlango walipiga kelele, na katika kelele hizo niliisikia sauti ya Ineza ikicheka, ambayo sikuwa nimeisikia kwa wiki nzima.

Nilingoja watulie. Niliiona miguu ya nguruwe ikidondosha, na wali mweusi, na chupa zile ukutani mahali pa msalaba. Hakuna kilichokuwa kimesafishika. Nikamwambia Mungu moyoni kwamba jambo hili linanichukiza, na litanichukiza mpaka nife, na kwamba sikuona uongo ndani yake.

"Nimemtoa," nikasema.

Kreti zikafunguliwa, wanawake wakapiga vigelegele. Desturi yetu ni kumkumbatia mshenga, mkono wa kulia kisha wa kushoto, shavu kwa shavu. Nilizuia pumzi nikamkumbatia Nduwimana, na yeye, maskini, alinishikilia zaidi ya inavyotakiwa kwa sababu miguu haikuwa imara. Kisha nikaenda jikoni, nikafungua maji, nikanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, na shavu pia.