Mifupa Iliyotaka Shikamoo

Usiku wa kuamkia leo niliota mifupa ya mkono wangu wa kushoto inataka niiamkie.

Tulikuwa hospitali, mimi na Mama, kwenye chumba cha picha. Daktari Mbaga aliinua ile picha nyeusi dirishani. "Nakijwa ana miaka minane," akasema. "Mifupa yake ina kumi na miwili. Tutamchoma sindano ya kuisubirisha."

Mama akajifunika uso kwa khanga.

"Umesikia," mifupa ikasema kutoka kwenye picha. "Tumekuzidi. Mbona huamkii wakubwa?"

"Shikamooni."

"Marahaba."

Ikashuka mmoja mmoja, ikapanga foleni, ikatoka nje.

Nje ni uwanja wa shule yetu. Wenzangu wa darasa la pili wanaruka kamba. Naomba zamu. Rafiki yangu Namsifu, ninayekaa naye dawati moja, anaitazama blauzi yangu inavyobana kifuani, anashusha kamba.

"Shikamoo, mama."

"Namsifu, ni mimi."

"Ndiyo, mama. Walimu wapo ofisini."

Naitikia marahaba. Wanaendelea kuruka. Naondoka kuifuata mifupa, mkono wangu unaning'inia kama soksi.

"Mnakwenda wapi?"

"Kumaliza kukua. Tukifika, mlango unafungwa."

"Na mimi?"

"Utabaki na urefu huo huo." Inasema bila ubaya, kama mtu anayetaja saa ya basi.

Barabara nzima hakuna mtu mwingine. Mbele yetu imesimama sindano ndefu, imevaa kofia ya mgambo.

"Mifupa, kaeni chini. Mtoto hajafika."

Ikakaa. Nikakaa kando yake. Kisha kifupa cha kidole cha mwisho kikaniuliza kwa sauti ya chini, "Eti, udongo unachezewaje?"

"Hujui?"

"Tulipitiliza."

Nikakifundisha kufinyanga chungu. Mingine ikasogea, ikaomba udongo. Hakuna aliyeniita mama.

Mama aliniamsha alfajiri. Leo ndiyo sindano ya kwanza. Alinishika mkono wa kushoto, akaugeuza. Kucha zote zilikuwa na udongo mwekundu, bado mbichi.

"Umeutoa wapi, na jana nimekuogesha mwenyewe?"

Akaleta beseni, akaanza kunisugua vidole.

"Polepole, Mama," nikamwambia. "Mifupa ndiyo kwanza imelala."