Ushahidi wa Mtoni

Jumanne saa nne asubuhi, Wambugu, karani wa tume ya ardhi, aliingia kwa saiba ya Kabura, duka lake la kompyuta pale Mukurweini, akachomoa flashi kwenye kompyuta taa yake ikiwa bado inamemeta.

"Ngoja niitoe vizuri, bado inaandika," Kabura alisema akiwa amechelewa.

"Ati vizuri? Madam, mvua ikinipata kwa hiyo barabara ya murram nitalala huku."

Ndani ya flashi mlikuwa na ushahidi ambao Kabura aliiandikia tume, wa wazee arobaini na mmoja: nani alilima wapi kabla ya Emajensi, ile hali ya hatari ya mkoloni, na nani alinyang'anywa shamba likipimwa huku yeye amefungiwa katika kijiji cha kizuizi nyuma ya mtaro. Kubaki na nakala, tume ilikataza. Kabura alipomwomba flashi na kuichomeka tena, ilikuwa tupu; Wambugu akamwachia, akaondoka. Kumi na tisa kati ya wazee hao walikuwa wameshakufa.

Saa sita, hao kumi na tisa walikuja. Waliotosha kwenye benchi la nje waliketi, wengine wakasimama ukutani, udongo mwekundu ukiwakaukia miguuni. Muuza ndizi aliwaomba wasogee kidogo, wakasogea. Wa kwanza alikuwa nyanya yake Kabura, aliyezikwa Aprili.

"Niliishia wapi?"

"Tulikuwa tumemaliza, cucu. Imepotea."

"Tena. Ya kwanza ilichomwa na mzungu. Ya pili chifu alisema imeliwa na panya. Haya, andika. Kutoka mtoni mpaka kwa yale maua ya mpaka ni kwetu. Mtoto wa homugadi, yule askari wa mzungu, ndiye anachuma kahawa hapo."

Kabura aliandika siku tatu. Walio hai walipofika walipanga foleni nyuma ya wafu, kwa kuwa wafu ndio wakubwa. Ijumaa, siku ya mwisho ya tume kupokea ushahidi, alibonyeza pa kutolea flashi, akangoja taa izime, akaifunga kwa kitambaa, akaipeleka mwenyewe Nyeri, ofisini kwa tume.

Wambugu aliichomeka, akaanza kuyapanga majina upya.

"Hawa wengine si mliwazika?"

"Tuliwazika."

"Sawa."

Aligonga muhuri kwamba imepokelewa. Kisha akaichomoa, taa ikimemeta, maana saa ya lanchi ilikuwa imefika. Tume ikafunga faili, tupu.

Jumatatu, Kabura alikuta benchi limejaa. Muuza ndizi alikuwa ameshasogeza meza yake.

"Niliishia wapi?"

Kabura akawasha kompyuta.

"Mtoni, cucu."