Sweta la Tyra

Egon alitumbukiza sweta la sufu kwenye mashine ya kufulia ya jengo, akabonyeza nyuzi thelathini, joto la sufu. Marehemu mkewe Tyra ndiye aliyelifuma, na hakumwachia jingine. Lilipotoka, lingemtosha mtoto mchanga.

Walishuka wawili chumba cha kufulia: mwenyekiti wa jengo, Wennström, na Pontus, fundi aliyeandika programu inayoendesha mashine hiyo mpya, ambayo wakubwa wa jengo waliinunua bila kumuuliza anayefua.

"Mzee, una hakika hukubonyeza sitini?" mwenyekiti aliuliza.

"Nafua humu tangu wewe unafuliwa na mama yako."

Pontus alifungua kompyuta yake, akasoma, kisha akajikuna shingo. "Kosa langu, mzee. Katika lugha ya mashine, ukiweka herufi h mwishoni mwa namba, inahesabu kwa kumi na sita badala ya kumi. Nimeiweka kwa mazoea. Thelathini yako, yaani kumi mara tatu, imekuwa kumi na sita mara tatu."

"Arobaini na nane," Egon alisema. "Umenipikia supu ya sufu."

"Kumbe herufi moja tu!" mwenyekiti alisema, moyo ukimtulia. "Inatoka?"

"Imeshatoka," Pontus alijibu.

Egon alimkabidhi mwenyekiti lile sweta. "Basi itoe herufi hiyo na humu kwenye sweta."

Mwenyekiti aliligeuza huku na huku, akaahidi kulifikisha suala hilo kwenye kikao cha jengo. Egon alilichukua tena, akalianika taratibu, mkono mmoja wa sweta baada ya mwingine, maana zamu yake ya kufua ilikuwa haijaisha.