Ving'amuzi vya Nyumba Mbili

Yunusu Mfaume aliuza mchele Mbeya na Iringa, na katika kila mji alikuwa na mke. Mke mkubwa, Zuena, aliishi Soweto, Mbeya, nyuma kidogo ya soko. Mke mdogo, Ruwaida, aliishi Ipogolo, Iringa, karibu kabisa na barabara kuu, kiasi kwamba lori likifunga breki nje vikombe vinatikisika kabatini. Yunusu alikaa wiki huku, wiki kule. Hakuwahi kuzidisha siku upande wowote, na jambo hilo alijivunia kuliko maduka yake.

Kila alichonunua alinunua viwili. Zuena alipopata jiko la gesi, Ruwaida naye alipata jiko la gesi la rangi ileile. Mwaka ambao hakupata mapazia ya kufanana, nyumba zote mbili zilikaa bila mapazia mpaka mzigo mpya ulipoingia. Watu wa Soweto walikuwa wanaona mpaka mezani. Yunusu alisema wavumilie.

Tatizo la televisheni lilianzia Soweto. Saa mbili usiku Yunusu alitazama taarifa ya habari. Saa mbili hiyohiyo, kwenye chaneli nyingine, ilianza tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, ambayo Zuena aliifuata tangu mwanzo. Ilihusu familia yenye hoteli kubwa, na bibi mmoja aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu akiwaliza wajukuu zake. Wiki za Iringa Zuena aliitazama kwa raha zake. Wiki za Mbeya alikaa jikoni akisugua masufuria yaliyokwisha kutakata.

"Baba Shamsi," alisema jioni moja, akimwita kwa jina la mtoto wao mkubwa aliyekwisha kuoa na kuhama, "kuna ving'amuzi vinavyorekodi. Wewe utazame habari zako, chenyewe kinirekodie. Mimi nitatazama asubuhi ukienda dukani."

Yunusu aliona ni ombi la haki. Aliona pia kwamba ni ombi la vitu viwili.

Alikwenda Mwanjelwa, kwenye duka la Lusekelo, mama wa Kinyakyusa aliyeuza redio, madishi na ving'amuzi.

"Unataka utazame chaneli moja huku kinarekodi nyingine?" Lusekelo aliuliza. "Au unataka kurekodi tu?"

"Nitazame habari, kirekodi tamthilia."

"Basi chako ni hiki." Alitua juu ya kaunta king'amuzi cheusi, kizito. "Kina diski humohumo ndani, na kinashika chaneli mbili kwa mpigo."

"Nipe viwili."

"Kimebaki hiki kimoja. Kingine chukua hiki kidogo. Unachomeka flash nyuma, nacho kinarekodi. Ila kinashika chaneli moja tu. Kikianza kurekodi, huhami."

"Nipe viwili vya kufanana."

"Baba, nisikilize. Hiki kikubwa ndicho kitakachokusaidia. Weka kikubwa sebuleni, kidogo weka chumbani."

"Si sebuleni na chumbani. Ni Mbeya na Iringa."

Lusekelo alimtazama. "Iringa yuko nani?"

"Mama Amna."

"Na hapa?"

"Mama Shamsi."

Lusekelo akakirudisha kile kikubwa kwenye rafu, akatoa vidogo viwili. Alipokuwa anavifunga alisema mzigo mwingine wa vile vikubwa ungeingia mwezi unaofuata.

"Vitaingia vingapi?" Yunusu aliuliza.

"Kwa kawaida wananiletea kimoja kimoja."

"Ndaga," alishukuru Yunusu kwa Kinyakyusa chake cha sokoni, akachukua mifuko yake miwili, kila king'amuzi na mfuko wake, na cha Iringa akakituma kwa basi siku ileile.

Jioni ile fundi alipomaliza kuunganisha, Zuena aliishika rimoti, akabonyeza hapa na pale.

"Kwa hiyo kinarekodi kile tunachokitazama," alisema.

"Ndiyo."

"Wakati tunakitazama."

"Ndiyo."

"Na cha Iringa?"

"Kiko hivihivi."

"Haya," alisema Zuena, na akakasirika kugundua kwamba jibu hilo limemtuliza.

Kwa kuwa king'amuzi kilinunuliwa kwa ajili ya tamthilia, Yunusu aliona si sawa kukizuia kazi yake. Alimwachia Zuena saa mbili, akasema habari atasikiliza redioni dukani. Alikaa kwenye kochi kwa sababu hakuwa na pengine pa kukaa. Siku ya kwanza alisinzia. Siku ya pili aliuliza yule kijana mwenye ndevu ni mtoto wa nani. Siku chache baadaye aliinuka ghafla.

"Huyu bibi kidole chake cha mguu kimecheza."

"Umeona?" alisema Zuena.

"Nimeona. Huyu anatembea. Anawadanganya."

Toka siku hiyo hakukosa. Na siku ya Jumatano bibi aliposimama kweli kutoka kwenye kiti, usiku, peke yake, akaenda kufungua kabati la mwanawe, Yunusu alimwaga chai kwenye kanzu.

Wiki iliyofuata ilikuwa ya Iringa. Ruwaida alimpokea mzigo, akampa maji ya kuoga, akampakulia. Walipomaliza kula alikaa karibu naye, akawasha televisheni.

"Nimekuwekea zote," alisema. "Za wiki nzima. Sijatazama hata moja, Baba Amna. Watu wote wanaisifu tamthilia hii, nikasema nikusubiri, tutazame wote."

Ruwaida alikuwa mshonaji, na mchana kutwa wateja wake waliizungumzia tamthilia hiyo wakipimwa. Alikuwa amewaomba wanyamaze. Mmoja alikataa, akaambiwa akashone kwingine.

Yunusu alifungua mdomo ili aseme kwamba ameziona. Alimtazama mkewe namna alivyokuwa ameishika rimoti kwa mikono miwili.

"Haya, weka," alisema.

Alizitazama zote upya. Palipostahili kushangaa alishangaa, tena aliona kushangaa kwa maneno hakutoshi, akawa anashika kifua. Zilipoisha, wakaendelea na zile mpya, saa mbili kila siku, na hapo alishangaa bila kazi. Kisha zamu ikageuka, akarudi Soweto, na Zuena naye akamwambia hakugusa kitu, alikuwa anamsubiri. Zuena aliuliza kama Iringa walikuwa wanatazama. Yunusu alijibu kwamba kule kulikuwa na wageni wengi. Basi akazitazama tena.

Hivyo ndivyo alivyoishi muda mrefu. Kila sehemu aliitazama mara mbili, mara moja kama mtu na mara moja kama mwigizaji. Hakuwahi kuchanganya, mpaka siku moja Ipogolo. Watengenezaji wa tamthilia walimrudisha bibi kwenye kiti chake kwa uongo mpya, na katika sehemu ambayo Yunusu alikwisha kuiona Mbeya, bibi angesimama tena, safari hii mbele ya familia yote. Dakika chache kabla ya hapo Ruwaida aliinuka kwenda kuchukua karanga jikoni.

"Usiende," alisema Yunusu. "Kaa kwanza."

Ruwaida akakaa. Bibi akasimama. Familia yote ikapiga kelele, na Yunusu akashika kifua, lakini akachelewa.

"Ulijuaje?" aliuliza Ruwaida.

"Nilihisi tu."

Asubuhi, mumewe alipokwenda kufungua duka, Ruwaida alimpigia simu Zuena. Wake wenza hawa waliheshimiana, ila simu zao zilikuwa za Idi na za misiba.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki. Nataka kukuuliza habari za yule bibi wa hoteli."

"Amesimama mbele ya watu," alisema.

"Najua. Baba Amna aliiona kwako?"

"Aliiona hapahapa. Alipiga takbira."

"Mimi aliniambia hajaiona. Wiki nzima sikuigusa, nilikuwa namsubiri yeye."

"Na mimi za wiki zako namsubiri. Ananiambia huko hamtazami, mna wageni."

"Wageni gani?"

"Nilidhani ndugu zako wa Igowole."

"Sijapata mgeni tangu Idi, dada."

Kisha Zuena akauliza, "Anashangaa?"

"Sana. Anashika kifua."

"Na hapa anashika kifua."

Ruwaida alikuwa amejiandaa kukasirika, na alikasirika kweli, lakini sauti ilipotoka ilitoka nyembamba. "Nilidhani hicho ndicho kitu chetu peke yetu, mimi na yeye. Vingine vyote tunavyo wote."

"Na mimi nilidhani hivyo," alisema Zuena.

Wangeweza kukata simu, na hakuna aliyekata. Mwishowe Zuena akasema, "Wiki ijayo akiwa huku kwangu, usimsubiri. Itazame. Ikiisha nibipu, nitatoka nje nikupigie."

Ndivyo ilivyoanza. Mwanzoni walizungumza habari za hoteli tu, nani mwizi na nani mjinga. Baadaye Zuena akauliza kikohozi cha Amna kimefikia wapi, akatuma dawa kwa basi. Ruwaida akajua kwamba tangu watoto wa Zuena wahame, zile wiki za Iringa mwenzake huyo alikuwa anapika chungu kile kile kikubwa na kugawa majirani, kwa sababu hakujua kupika kidogo. Zuena akajua kwamba Ruwaida huziba masikio malori yakipita usiku. Mambo hayo hakuna aliyewahi kumwambia Yunusu.

Yunusu mwenyewe hakugundua kitu. Aliona tu kwamba vocha zinakwisha haraka katika nyumba zote mbili, lakini zilikuwa zinakwisha kwa usawa, kwa hiyo hakuuliza.

Ikatangazwa kwamba tamthilia itaisha Ijumaa. Ilikuwa wiki ya Mbeya. Alhamisi Zuena alifunga kibegi.

"Nakwenda Iringa," alisema.

"Kwa nani?"

"Kwa Mama Amna."

Yunusu alitua kikombe. "Kuna msiba?"

"Hakuna."

"Lakini wiki hii ni ya Mbeya."

"Ya Mbeya kwako. Mimi sina zamu."

Yunusu alilitafakari neno hilo mpaka basi likaondoka. Ijumaa jioni alikaa peke yake kwenye kochi, flash imechomekwa, king'amuzi kinarekodi. Mvua ilikuwa inanyesha vibaya. Bibi wa hoteli alimwita wakili, akamtaka kila mjukuu akae, akafungua mdomo aseme hoteli anamwachia nani, na umeme ukakatika Soweto yote.

Alipiga simu. Zuena alipokea, na nyuma yake Yunusu alisikia muziki wa tamthilia.

"Kasema nani?" aliuliza.

"Baba Shamsi, tunatazama."

Simu ikakatwa. Akampigia Ruwaida, ambaye alikuwa amekaa pembeni ya Zuena.

"Inarekodi, Baba Amna. Usiwe na wasiwasi," Ruwaida alimwambia, naye akakata.

Asubuhi aliwaambia wampe kondakta ile flash. Ruwaida alieleza kwamba haitasaidia. Alichorekodi king'amuzi kimoja hakifunguki kwenye kingine. Walikuwa wameshajaribu na flash ya zamani aliyokuja nayo Zuena. Yunusu alifunga duka, akapanda basi la Iringa katika siku ambayo haikuwa ya Iringa. Njia nzima hakujua siku hiyo aihesabu upande gani.

Aliwakuta ukumbini wamekaa mkekani, wanachambua mchele. Zuena amejifunga kanga ya Ruwaida. Walimwamkia vizuri, wakampa chakula, wakamkalisha mbele ya televisheni. Halafu hawakutazama televisheni. Walimtazama yeye.

Wakili alikaa. Wajukuu walikaa. Bibi akaitoa hoteli yote kwa mfanyakazi wa jikoni, mama mnyamavu ambaye Yunusu hakuwahi hata kumshughulikia. Yunusu alibaki ameduwaa, mikono imelala magotini.

"Kumbe ukishangaa kweli huwa hushiki kifua," alisema Zuena.

Ruwaida akaisimamisha picha. Lori lilipita nje, vikombe vikalia, wakangoja litokomee.

"Mlijua toka lini?" aliuliza Yunusu.

"Toka uliponizuia kwenda kuchukua karanga," alisema Ruwaida. "Kwa nini hukusema? Ungesema tu, nimeiona kwa dada."

Yunusu alikuwa na umri wa kuwa na wajukuu, na hakuzoea kuulizwa maswali na watu wawili kwa pamoja. Aliangalia chini.

"Ungekuwa umekaa wiki nzima hutazami, watu wote wanatazama, unanisubiri mimi. Nikuambie umesubiri bure?" Alimgeukia Zuena. "Na wewe vilevile. Majiko, makochi, hivyo vyote naleta mimi. Hicho cha kunisubiri mliniwekea nyinyi. Sikujua nikirudishe namna gani."

Zuena alirudi kuchambua mchele. Alichambua kwa muda mrefu mchele ambao haukuwa na mawe tena.

"Bonyeza iendelee," alimwambia Ruwaida. "Hajaona harusi."

Usiku ule Yunusu hakuwa na hakika ni zamu ya nani, na hakutaka kukosea, akalala kwenye kochi. Wake zake walilala chumbani na Amna, na aliwasikia wanaongea mpaka usingizi ukamchukua.

Zuena alikaa Ipogolo hadi alipotaka mwenyewe kuondoka. Baada ya hapo akawa anakuja kila alipojisikia, na Ruwaida akapanda kwenda Soweto wakati wa likizo, akashona mashuka ya nyumba nzima. Mwaka uliofuata Ruwaida alijifungua mtoto wa pili kabla ya siku zake, asubuhi, Yunusu akiwa Mbeya anapima mchele wa mteja. Zuena aliingia dukani amekwisha kuvaa baibui la safari.

"Ni wa kiume," alisema. "Wote wazima. Nimeshakata tiketi mbili."