Gesi ya Kichwani

Mjomba wangu ni fundi friji, na kwake kila kilichoharibika kimeishiwa gesi. Nilipopata sonona, nikaacha kushona, nikawa nalala mchana kutwa nikitazama ukuta, alijua papo hapo kuwa gesi ya kichwani imevuja.

Daktari alinieleza vingine. Seli za ubongo hutumiana habari kwa kemikali, mojawapo serotonini, na seli iliyoituma huinyonya tena upesi. Vidonge hupunguza kunyonywa huko, kisha ubongo wenyewe hujizoesha polepole, wiki baada ya wiki. Mengine, alikiri, hata wao hawajayaelewa. Akanionya nisiache ghafla.

Nikameza. Haikuwa leo wala kesho, lakini nilirudi kwenye cherehani, nikapokea gauni la bibi harusi, nikaanza hata kugombana na wateja. Nilifurahi mno kuwa na hasira.

Hapo mjomba akaja na hukumu. Akatega sikio karibu na kichwa changu, sitanii, akatangaza kwamba nimejaa. Friji iliyojaa haiongezwi gesi, utaunguza kompresa, ile mota yake. Ukoo mzima ukaitikia, maana kwetu mwenye bisibisi hapingwi. Shangazi akasema anayecheka na bado anameza dawa anadeka tu. Vidonge vikafungiwa kabatini kwa mama. Nami, mtu mzima na meno yangu thelathini na mawili, nikakubali, kwa kuwa nilichoka kuitwa mgonjwa.

Kikaanza kizunguzungu, na mishtuko kama ya umeme kichwani. Mjomba akafurahi: kompresa inawaka. Kisha ukuta ukarudi. Gauni likabaki bila mikono, bibi harusi anapiga simu, mimi naitazama ikilia. Niliogopa sana, kwa sababu safari hii nilijua ninakokwenda.

Mama hakuwahi kumpinga kaka yake. Siku hiyo mjomba alikuwa jikoni kwetu, amepiga magoti nyuma ya friji, anaijaza gesi. Mama akasimama juu yake, vidonge mkononi.

"Kaka, friji hii unaijaza tangu huyu mtoto yuko shule ya msingi, na haijawahi kugandisha hata maji. Kichwa chake ndio ukijaze mara moja kitoshe?"

Mjomba akaendelea kukaza nati. Mama akanigeukia, akasema tunakwenda kwa daktari sasa hivi.

Sikuweza kucheka. Lakini niliinuka, nikaenda kuoga, mara ya kwanza wiki ile.