Mgongo Uliotangazwa Redioni

Mume wangu Method ni mtu wa maneno machache, na siku aliyoitwa redioni nilimsihi abaki hivyo hivyo. Sema picha ni picha, nikamwambia, shukuru, urudi nyumbani. Akacheka. Alikuwa amevaa shati lake la kanisani, kucha bado zina rangi ya bluu.

Ilikuwa ile miaka redio za watu binafsi zilipoanza kufika hadi kwetu Bariadi, tukiwa bado mkoa wa Shinyanga. Soko huria lilikuwa limeshatuletea wanunuzi wa pamba wenye mizani zao wenyewe na soda za kila rangi, na sasa likatuletea sauti ya Januarius. Tulimjua Januarius tangu akiuza kanda sokoni. Jumapili mchana alikuwa na kipindi cha wasanii, na wasanii walipomwishia alihoji hata mafundi cherehani. Method alipofungua maonyesho kwenye ghala la zamani la ushirika, ambalo siku hizo lilikuwa na popo wengi kuliko pamba, Januarius alimkimbilia kwa mikono miwili.

Kazi inayotulisha ni kuandika vibao vya maduka. Nusu ya vibao vya mtaa wa Somanda ni mkono wa Method. Lakini moyo wake uko kwenye picha, na ghalani alitundika zote alizokuwa nazo: ng'ombe wa Mwanhuzi wakishuka lamboni, baiskeli zilizobeba magunia, watu wamezunguka mizani. Na ile ya mgongo.

Mgongo ule ulikuwa wangu. Nilikaa sebuleni kwangu, mlango umefungwa kwa komeo, kitenge kimeshuka hadi kiunoni, nikichambua mchele kwenye ungo. Kwenye picha mchele ukawa pamba. Alikuwa amenibembeleza karibu msimu mzima, nami nikakubali kwa sharti kwamba hatamwambia mtu ni nani, hata padri. Mgongo hauna sura, alisema, nani atakujua? Nikaona kweli. Mimi mwenyewe sijawahi kuuona.

Mama yangu, Nyanjige, alikuja kutoka Dutwa kwa basi kwa ajili ya kipindi hicho. Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawazoeani. Wakikutana njiani mmoja anapisha, hawali pamoja, na mkwe hatamki jina la mama mkwe hata akiulizwa na polisi. Miaka yote ya ndoa yangu mama alipokuja mjini alilala kwa rafiki yake Domitila, nyumba ya pili kutoka kwangu, na kwangu aliingia Method akishatoka. Kwa hiyo redio ilimfaa sana. Angemsikiliza mkwewe akizungumza kwa kirefu, naye yuko mbali, hakuna aliyemvunjia mwenzake heshima. Alifunga kilemba kipya. Nilimtania kwamba mkwe hamwoni, akaniambia ninyamaze, niongeze sauti.

Tulikuwa watatu: mimi, mama na Domitila. Mwanzo ulikwenda vizuri. Method alieleza ng'ombe, akaeleza baiskeli, na mama aliitikia kwa kichwa kila sentensi ilipoisha. Kisha Januarius akakohoa.

"Wasikilizaji, mimi nimefika ghalani. Kuna picha moja imenisimamisha mpaka mlinzi akanifukuza. Method, hebu waeleze wasioiona."

"Ni mwanamke anachambua pamba," Method akasema. "Ametupa mgongo."

"Na mgongo uko wazi."

"Jua lilikuwa kali."

Domitila akacheka. Mimi sikucheka.

"Chini ya bega la kushoto naona chale tatu," Januarius akaendelea. "Mbili zimenyooka, ya tatu imekwenda upande. Hiyo brashi iliteleza?"

"Hapana. Ndivyo ilivyo."

Nilifumba macho. Mtu wa maneno machache, na hayo machache yenyewe ndiyo hayo.

"Ahaa. Kumbe ni mtu kweli. Ni nani?"

Namjua mume wangu, najua alikuwa anatafuta mahali pa kunificha. "Ni mama mmoja tu," akasema, "wa Dutwa."

Mimi ni mzaliwa wa Dutwa, na tangu binti yetu Winnie azaliwe Method ananiita mama. Kwa hesabu yake hakudanganya, na alikuwa amenificha katikati ya akina mama wote wa Dutwa. Hakukumbuka kwamba Dutwa watu wanajuana mpaka mbuzi wao.

Simu ya kwanza ilitoka huko huko. Mwanamume, sauti ya mtu aliyeshiba. "Chale hizo za bega ni za marehemu mganga Ngeleja. Waliochanjwa naye ni wale mama zetu wazee, wengi wametangulia. Na mwenye mkwe mchoraji ni mmoja tu. Si Nyanjige huyo?"

Alinisahau mimi. Nilichanjwa na Ngeleja huyo huyo nikiwa mtoto wa homa za kila mara, mmoja wa wale wa mwisho mwisho aliowachanja, na watu hawakumbuki homa za mtoto wa mwenzao.

"Method," Januarius akasema, na nilisikia kwamba anatabasamu, "ni Nyanjige?"

Angesema hapana. Mtoto mdogo anajua kusema hapana. Lakini mume wangu aliulizwa jina la mama mkwe wake, na malezi yake yakamtangulia.

"Hilo jina," akasema polepole, "mimi siwezi kulitamka."

Kicheko kilichotoka redioni nilikisikia pia kutoka nyumba ya jirani, na kutoka barabarani walipokaa waendesha baiskeli. Januarius akaweka muziki.

Mama aliinuka. Alitafuta kandambili zake kwa mguu, moja ikamkimbia chini ya meza, nikainama nikamtolea. Hakuniangalia. "Kichwa kinaniuma," akasema. "Naenda kujilaza kwa Domitila." Domitila akamfuata, naye hakuniangalia.

Nilibaki nimeshika redio. Nikakumbuka msimu mmoja wa mavuno, tumekwenda Dutwa, Method akapita karibu na bafu la mabua bila kukohoa na mama alikuwa ndani. Siku ile mama hakusema kitu. Sasa bila shaka alikuwa anafikiri kwamba mkwewe alichungulia, akaubeba mgongo wake kichwani miaka yote, akautundika ghalani. Angerudi Dutwa akiwa mama mkwe aliyevuliwa nguo na mkwewe mbele ya wilaya nzima. Ni mwenyekiti wa jumuiya kanisani. Wazee wangetaka kondoo wa kusafisha aibu, akina mama wenzake wangenong'ona akipita, na kwangu asingekanyaga tena. Wajukuu angewaona kwenye misiba.

Nilikuwa na hasira na Method kiasi kwamba ningemtia kwenye debe la rangi yake nikafunika. Lakini hasira haikumsafisha mama. Wa kumsafisha nilikuwa mimi, na nilijua kwa namna gani, na niliona aibu kabla hata sijatoka mlangoni.

Simu ya karibu ilikuwa dukani kwa Mudathiri. Redio yake ilikuwa juu ya kaunta, na wanaume wamekaa kwenye benchi na soda zao wakizungumza habari ya mgongo. Waliponiona wakatazama chupa.

"Mwadila, mama Winnie," Mudathiri akanisalimu. Yeye si Msukuma, lakini biashara imemfundisha.

"Mwadila. Naomba simu."

"Unapiga wapi?"

"Redioni."

Alinitazama, akanipa simu, akapunguza sauti ya redio. Heri angenifukuza. Simu iliita, Januarius akapokea kwa mbwembwe zake, akauliza nani mwenzetu na yuko wapi.

"Naitwa Eufrasia, mke wa Method," nikasema. "Mgongo ule ni wangu. Nilikaa mimi, nyumbani kwangu, kwa ridhaa yangu. Mama yangu msimhusishe."

Nilisikia kiti kikisogea huko studio. Nadhani kilikuwa cha Method.

"Wasikilizaji," Januarius akapiga kelele, "tumempata mwenye mgongo!"

Nikakata. Mudathiri alikataa hela yangu, na huruma ile ilinichoma kuliko vicheko. Nilipogeuka kutoka, nilihisi macho ya benchi zima yakitua chini ya bega la kushoto. Nilikuwa nimevaa blauzi nzito na kitenge juu yake, lakini nilitembea hadi nyumbani kwa Domitila nikiona kama nimetoka bafuni. Vijana wawili wa baiskeli walinipita wakielekea ghalani.

Mama hakuwa amelala. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, redio ya Domitila iko mbele yake, imezimwa. Domitila alipisha, akaenda uani. Nilipiga magoti.

"Mayu, nimewaambia. Wameshajua si wewe."

"Nimesikia."

Nilisubiri aniambie asante, au apumue tu. Alikuwa anaukunja ukingo wa kitenge chake, anaukunjua.

"Aliposema ya tatu imekwenda upande," mama akasema, "nilijua ni wewe. Ulirusha bega, wembe wa Ngeleja ukateleza. Mimi ndiye niliyekuwa nimekushika. Zangu zimenyooka zote."

Sikujua kwamba ya tatu imekwenda upande. Nilidhani ni Method na mapambo yake.

"Sasa mbona ulinyamaza, mayu? Mbona uliondoka?"

"Ili Domitila na wengine waamini ni mimi." Alisema bila kuinua sauti, kama mtu anayeeleza njia. "Mimi nimezeeka, mwanangu. Wangenisema msimu mmoja wakachoka, kondoo tungemtafuta. Wewe bado kijana, na una binti wa kuozwa. Nilishaamua. Nilikuwa naomba tu mumeo asiongee tena."

Nilikuwa nimeenda kuvua nguo mbele ya mji mzima ili nimfunike mtu aliyekuwa ameshanifunika.

Mama alipitisha mkono kwenye shingo ya blauzi yangu, akashuka nao mgongoni mpaka kidole kikapata alichokuwa anakitafuta. "Ni hii," akasema. Kisha akautoa mkono, akanivuta blauzi ikae vizuri, akaniambia nikirudi nyumbani nisipite njia ya ghala.